Risala ya Klabu ya Bayoteknolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi ya Chuo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Historia tutaipitia haraka: klabu ilianza na wanafunzi wachache na darubini moja, leo, kama unavyoona, tunajaza ukumbi.

Mafanikio ni makubwa. Tumechopoa DNA ya ndizi kwa sabuni ya vyombo, chumvi na spiriti baridi, Mkuu wa Chuo akishuhudia. Elimu ya uhandisi jeni tumeifikisha hadi nje ya wilaya, yaani shule ya ng'ambo ya mto.

Changamoto ni nyingi, ila tumekubaliana tukusumbue kwa moja tu: friza.

Mheshimiwa, insulini wanayojidunga wazee wetu wenye kisukari hutengenezwa na bakteria au hamira iliyopandikizwa jeni ya binadamu. Kazi hiyo ilifanikiwa maabara mwaka 1978. Mwaka 1982 dawa ikaidhinishwa Marekani. Sisi tunatakiwa kujifunza hatua zake kwa vitendo: kimeng'enya kimoja kinakata DNA, kingine kinaunga. Vyote hutunzwa kwenye nyuzi joto 20 chini ya sifuri. Vya kwetu vinalala kwenye friza ya mama lishe wa getini, pembeni ya vibua. Ametusitiri, Mungu ambariki, lakini friza hiyo hufunguliwa kila anapokuja mteja wa barafu, na umeme ukikatika, samaki na vimeng'enya huyeyuka pamoja. Muhula huu, kwenye jeli ya kutenganishia vipande vya DNA, palipopaswa kuonekana vipande viwili, kilionekana kimoja. Mwanafunzi alikosea kupima, au kimeng'enya kilikuwa kimeshakufa? Mwalimu alishindwa hata kutoa maksi.

Hatulalamiki, Mheshimiwa. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alisema tuhesabu friza imeshafika. Tukapiga makofi, tukapiga picha. Wa mwaka jana alileta kweli jokofu: la vioo, la kuuzia soda. Tunalishukuru, linatunza sahani za bakteria kwenye nyuzi 4. Kwa hiyo safari hii tunataja kabisa: friza ya kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, isiyojiyeyusha barafu yenyewe, maana zinazojiyeyusha hujipasha joto kila mara, pamoja na jenereta ndogo. Chumba kipo, soketi ipo, upana wa mlango umeandikwa nyuma ya karatasi hii. Na kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba, utakapojibu, utaje na tarehe. Katibu ameshika kalamu.

Naomba kuwasilisha.

Kamati ya Klabu