Idi Mubarak, na kile kitendawili cha baba

Assalaam alaykum warahmatullah ndugu zangu, jamaa, marafiki na majirani wote, wa Tanga, wa Dar, na nyie mlioko Muscat mnaosoma haya usiku baada ya kutoka kazini. Idi Mubarak. Takabbal Allahu minna wa minkum. Mola azipokee funga zetu, atusamehe pale tulipoteleza, na atufikishe mwakani tukiwa wazima sisi na wazee wetu.

Hapo kwenye "na wazee wetu" nimesimama. Kila mwaka naandika hayo maneno yanatoka yenyewe tu, mwaka huu vidole vimegoma, manake mzee wangu hayupo. Baba alitutoka mwanzoni mwa Mfunguo nane, yani mwezi wa nane baada ya Ramadhani iliyopita, mama ametoka eda katikati ya Ramadhani hii hii tuliyoimaliza, na leo ndio sikukuu yetu ya kwanza bila ya ile sauti yake ya asubuhi ya "amkeni, kuoga bado, watu washaanza kupiga takbira huko". Waliokuja kuzika, waliochangia, waliosimamia hitima, waliopika na kuosha masufuria ya watu, Allah awalipe, mimi sina cha kuwalipa.

Waliomjua baba wanajua hakua mtu wa mawaidha, alikua mtu wa maswali. Ile nusu saa ya mwisho kabla ya adhana ya magharibi, watu wamechoka, futari ishafunikwa, watoto wanaizunguka sinia kama kuku, yeye ndio kwanza anakaa sawa pale kwenye jamvi. "Kitendawili!" Tega! Tukishindwa anaomba mji, tunampa Pangani, tunampa Lushoto, siku moja mdogo wangu akampa Unguja na Pemba kwa pamoja, basi mzee anazunguka nayo miji yake weee, anakwambia alifikia kwa nani na alikula nini, ndio mwishowe anatoa jibu. Ila vya kwake vingi havikua vile vya nyumba yangu haina mlango. Vilikua vitu ambavyo unacheka kwanza, alafu usiku unajikuta macho kodo unaviwaza.

Mfano siku ya kupima fitri. Tumekaa na mchele, tunapima pishi pishi kwa idadi ya watu wa nyumbani, yeye anachukua punje moja anairudisha kwenye gunia. Anauliza, hii bado pishi? Tunasema ndio bado. Anatoa nyengine. Hii je? Bado. Nyengine. Sasa niambieni, nikitoa ya ngapi ndio itakua si pishi tena? Na nyie mnasema haba na haba hujaza kibaba, haya, ni haba ipi hiyo iliyojaza? Tulibishana mpaka adhana ikatukuta na mchele umemwagika. Miaka mingi baadae niko chuo nikasoma kwamba kuna Mgiriki mmoja wa kale anaitwa Eubulides, anatajwa kua ndie aliyeuliza swali kama hilo la lundo la nafaka, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Nikapiga simu nyumbani kwa furaha kumwambia baba. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Alipata jibu?" Nikamwambia hapana baba, mpaka leo watu wanabishana. Akasema alhamdulillahi, basi tuko wengi.

Mwaka huu hilo swali limenirudia kwa njia nyengine kabisa. Manake unyonge nao huja punje punje. Mzee alianza na kikohozi, tukauza kitu kidogo, alafu kengine kidogo, vipimo hivi, dawa zile, nauli za Tanga na Dar kwenda na kurudi, na ukiniuliza leo ni siku gani hasa tulitoka kwenye kua na uwezo tukaingia kwenye kua na shida sijui nikutajie ipi. Hakuna siku hiyo. Kila siku ilikua ni punje moja tu. Na wengi wenu najua mwaka wenu ulikua hivo hivo, hamkuanguka, mlipungua. Nazi moja imekua ya kupigiwa hesabu, tui la kwanza la muhogo wa leo, la pili likae, tende zinahesabiwa kwa vichwa vya watu. Tuliopita ile Ramadhani ya 2024 sukari ikiwa adimu mpaka serikali ikatoa bei elekezi tulidhani ndio basi tumeshaona mambo. Mimi nauliza tu kama baba angekuwepo angeuliza: mtu anaeshinda na njaa mchana kutwa, huku kapandisha bei ya tende kwa sababu anajua mwenzie lazima afuturu, huyo kafunga nini? Tumbo kafunga. Kingine je?

Alafu kuna lile la umri. Sisi Waswahili miezi yetu tunaihesabu kuanzia leo, Mfunguo mosi, Mfunguo pili, mpaka tisa, alafu hesabu inakatika inaingia Rajabu na jina lake, Shaabani, na Ramadhani yenyewe. Yani kwetu hesabu inaanza siku ya kula, baada ya subira. Mwaka huo wa mwezi una siku 354, saa nyengine 355, kwahiyo Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa jua, na inachukua miaka kama 33 mpaka ifike tena pale pale ulipoikuta. Baba aliijua hii hesabu bila ya kusomeshwa na mtu. Alikua anasema binaadamu anapewa raundi mbili, akijaaliwa sana anaonja ya tatu. Yeye amefariki na miaka 66. Raundi mbili kamili, hakuonjeshwa ya tatu. Na ukimhesabia kwa mwezi alikua na 68. Wakati naandikisha karatasi za msiba nimeulizwa umri wa marehemu, nikabaki nimeduwaa na kalamu mkononi, yule kijana akadhani nalia, na kweli nilikua nalia, ila nilikua nawaza pia, hii miwili ya katikati aliishi au hakuishi? Siku ni zile zile. Jua limezihesabu 66, mwezi umezihesabu 68, na mtu ni mmoja na kashaondoka. Nikaandika 66. Mpaka leo naona kama nimemdhulumu.

Baiskeli yake mnaijua, Phoenix nyeusi, Tanga nzima watu wanapanda baiskeli lakini ya baba ilikua unaijua kwa mlio. Kaja nayo mjini kutoka shambani kwenye mkonge alikofanya kazi ujana wake wote, sisi sote watatu tumebebwa kwenye keria ya hiyo baiskeli, wa mbele kwenye bomba, wa nyuma kamshika kiuno. Sasa ile baiskeli kabadilisha mataili mara zisizo na idadi, akabadilisha rimu, cheni, pedeli, siti, usukani ukapinda akaweka mwengine, na mwisho fremu yenyewe ikakatika, fundi akamwekea ya baiskeli nyengine. Akaja nayo nyumbani akaisimamisha uani akatuita wote. "Hii ni ile ile?" Kaka akasema si ile, hakuna hata spoki moja ya zamani. Mama akasema ni ile ile, manake haijawahi kulala nje ya nyumba hii hata siku moja. Mimi nikakaa kimya nikiwasikiliza, nilikua na kama miaka kumi na mbili.

Na hapo hapo akatuchomekea la mkonge. Kwamba mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Hindorf, mimea kama elfu moja, ikafa njiani ikabaki 62 tu, na kutokana na hiyo 62 ndio yakaanza mashamba kama yale mnayoyaona kwenye basi kutoka Korogwe mpaka Tanga mjini. Na mkonge kwa kawaida hauzai kwa mbegu. Unakaa miaka yake saba, nane, kumi, alafu unatoa mlingoti mara moja tu maishani, na huko juu kwenye mlingoti ndiko vinaota vichipukizi vinadondoka chini vinakua mikonge, na mama yao anakauka anakufa. Sasa, anasema baba, kile kichipukizi si mtoto, ni yeye mwenyewe tena, hajachanganyika na mtu. Kwahiyo mkonge wa 1893 ulikufa au haukufa? Shamba zima lile ni mimea milioni au ni wale wale 62 wamesimama sehemu nyingi?

Sikuelewa kwanini alikua analipenda sana hilo la mkonge. Nimeelewa juzi. Mtoto wa kaka, ana miaka sita, kasimama mbele ya sinia dakika kumi kabla ya adhana, kaweka mikono nyuma vile vile kama babu yake, anauliza, "Hivi jana inaendaga wapi?" Hakufundishwa na mtu. Nilienda jikoni nikajifanya naangalia kaimati.

Ndugu zangu, niruhusuni niseme mawili matatu leo, najua ni sikukuu na watu wanasubiri pilau, lakini niruhusuni. Mtoto akikuuliza swali usimwambie nyamaza. Usimpe simu ili akae kimya. Kama hujui mwambie hujui, kaa nae mjiulize wote, hicho ndicho kitu pekee baba yangu alichotuachia na wallahi sijaona urithi ulio na baraka kama huo, nyumba tungegombania, swali hatuligombanii. Na nyie wenye wazazi hai, msiwatumie meseji ya Idi ya kuforwadi ile yenye mauwa na mwezi na taa ambayo kila mtu anayo, nendeni, na kama ni mbali piga simu uongee, na usimuulize tu "vipi hali, dawa unameza", muulize anawaza nini. Muulize alipokua na umri wako alikua anaogopa nini. Mimi baba aliniuliza maswali miaka thelathini na kitu na nikikaa nikihesabu niliyomuuliza mimi, ya maana, hayafiki kumi. Yote yalikua hela ya ada, ruhusa ya kwenda mahali, ufunguo uko wapi. Alafu mtu anaingia kaburini na majibu yake yote ambayo hakuna aliyeyataka. Tuogope hilo, wallahi tuogope. Na waliokosana wasameheane leo, isifike kesho, manake hata huyo mtoto wa miaka sita keshaona kwamba hatujui jana inakwenda wapi, sembuse kesho inatoka wapi. Tuwaangalie wajane, tuwaangalie mayatima, yule jirani ambae jiko lake halijatoa moshi tangu asubuhi usisubiri aje kuomba. Fitri ilikua ni jana na leo kabla ya sala, lakini njaa ya mtu haimaliziki na sala. Siku zilizobaki za mwaka je? Mola alietupa subira ya siku thelathini ndie yule yule wa Mfunguo mosi, hajabadilika, tusibadilike sisi, misikiti isibaki na safu mbili kama ilivyo kila mwaka ikishapita wiki moja, tumeyaona haya, kila mwaka tunayaona.

Sasa lile lenyewe. Ramadhani ya mwaka jana, kumi la mwisho, baba akiwa tayari haongei sana, alitega kimoja: "Nimemkuta njiani, nimemwacha njiani, na bado tunakwenda wote." Tukajaribu. Kaka akasema kivuli. Mimi nikasema mwezi, kwa sababu ya zile safari za usiku kwenye baiskeli, nilikua nikimuuliza mbona unatufuata, na nilipokua nikaja kujua ni vile uko mbali sana, kilomita kama 384,000, kwahiyo wewe ukisogea kutoka Ngamiani mpaka Chumbageni kwake ni kama hujasogea. Akasema karibu, lakini siyo. Mwengine akasema umri, mwengine mauti. Siyo. Tukamwambia haya tunakupa mji. Akakataa. Akasema hichi tunapewa mwaka mzima, mji atauchukua Idi ya mwakani.

Jana usiku mwezi umeandama, redio imetangaza, mtaa umelipuka takbira, sisi tumekaa uani tunachambua mchele wa pilau na hakuna anaeongea. Yule mtoto akasema, babu alisema mpaka Idi, si ndio leo? Tumpe mji. Akafikiria, akasema tumpe Makka. Hapo kaka akashindwa akatoka nje. Na mama, ambae kwa miezi yote hii hajataja hata jina lake, akawa anaendelea tu kupepeta ungo wake, bila ya kuinua uso, akasema,

"Hauhitajiki mji. Jibu ni mimi."

Akaendelea kupepeta.

Haya, asubuhi imefika, kaka keshaitoa baiskeli anaitia upepo, anasema ataendea nayo sala, na mie naitwa jikoni nikakaange vitunguu. Idi Mubarak kwenu nyote, minal aidina wal faizina, mkono wa Idi kwa watoto tunatoa kidogo kidogo kadri tulivyojaaliwa, karibuni nyumbani, mlango uko wazi mpaka usiku.