Akipona ataonekana anaumwa: tumwambie nini mume wake?

Mshauri wetu, salaam, na pole kwa kazi.

Sisi ni wauguzi wawili wa kliniki ya presha na kisukari katika kituo cha afya mkoani Tanga. Tunakuandikia kwa ajili ya dada mmoja ambaye ameturuhusu tuulize, mradi tusimtaje.

Ana miaka 29, ameolewa, urefu wake sentimita 158. Mwaka jana alikuwa na kilo 49. Ukigawa uzito huo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe unapata 19.6, na kiwango cha kawaida ni 18.5 hadi 24.9. Kwa hiyo mwili wake haukuwa na kasoro. Kilichomtesa ni maneno: ng'onda, kimbaombao, mume hamtunzi, na lile linalosemwa akishapita, kwamba "ameukwaa". VVU amepima mara mbili, hana. Lakini majibu ya kipimo hayavaliwi shingoni. Tangu wagonjwa wa kwanza walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, na Waganda wakauita ugonjwa ule "slimu", kukonda kwetu kumebaki kesi. Na siku hizi dhana hiyo haina hata mguu wa kusimamia, maana wengi wanaotumia dawa za sasa za VVU, zenye dolutegraviri, huongezeka uzito.

Mume naye anapenda mwanamke mwenye mwili, figa namba nane, wala hafichi. Hilo hatulilaumu, kila mtu na jicho lake.

Saluni akauziwa "vidonge vya shepu", aina mbili ndani ya kimfuko kimoja, bila jina wala tarehe ya kuisha muda. Baadaye muuzaji alimpa vipande vya pakiti, ndipo tukavitambua. Kimoja ni siproheptadini ya miligramu 4, dawa ya mzio inayoleta usingizi na njaa kali. Kingine ni deksamethasoni ya miligramu 0.5, dawa kali ya kundi la steroidi, na hicho alikuwa anameza vinne kwa siku kwa miezi mitano. Miligramu 2 za deksamethasoni zinakaribia 13 za prednisoloni, dawa ya kundi hilohilo, dozi ambayo daktari humwandikia mgonjwa mwenye sababu maalumu, tena akimfuatilia.

Leo ana kilo 61. Ile hesabu inatoa 24.4, bado "kawaida". Mtaani wanasema amenawiri, mizani inasema hana neno. Tulipopima vingine picha ikageuka. Kiuno, utepe ukiwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumzi imetoka, ni sentimita 87. Kwa mwanamke hatari huanza kupanda kuanzia 80, na kiuno kisizidi nusu ya urefu, ambayo kwake ni 79. Presha 152/96, siku mbili tofauti. Sukari kabla ya kula 6.8, na 7.0 ndio mlango wa kisukari. Uso umejaa kama sahani, nyuma ya shingo pameota nundu laini ya mafuta. Mwambie ainuke kwenye benchi fupi bila kushika kitu: hawezi, anajisukuma kwa viganja juu ya magoti. Deksamethasoni hula misuli ya mapaja na makalio, halafu hupeleka mafuta usoni, shingoni na tumboni. Alichokilipia ndicho kinachopungua.

Tulimkataza kuacha ghafla. Tezi zilizo juu ya figo, zikishalishwa hivyo kwa zaidi ya wiki tatu au nne, hulala. Ukiikata ghafla, mtu anaweza kutapika, presha ikashuka, akazimia na hata kufa. Daktari wa hospitali ya wilaya anampunguzia kidogo kidogo. Tumemwambia akitapika au akipata homa asisubiri siku ya miadi, na kila anayemtibu ajue amekuwa akitumia dawa hiyo. Kikohozi cha wiki mbili apime kifua kikuu, kwa sababu kinga yake imeshuka.

Shida ni hii. Dozi ikishuka, mafuta na maji yaliyojaa usoni hupungua na uso hunywea. Wakati presha na sukari zinarudi mahali pake, majirani wataona mtu anakonda. Kupona kwake kutaonekana kama ugonjwa, na yeye analijua hilo kuliko sisi. Ameshatuuliza kama anaweza kubaki na kidonge kimoja tu, "cha kushikilia uso".

Mume hajui habari ya vidonge, na mke amekataa asiambiwe. Siri hiyo tutaitunza. Ila siku mume alipomsindikiza alimshika bega akasema kwa furaha, "Sasa ndio mke huyu, ana afya." Yeye mwenyewe ana kitambi kilichofunika mkanda, na presha hajawahi kupima, kwa kuwa mtaani kitambi ni ishara ya mambo kunyooka.

Na sisi watumishi wa afya hatuko salama na jicho hilo. Mwanamke mnene akiingia, wengi wetu tumeshamwandikia presha kichwani kabla hajakaa. Mkanda wa kawaida wa kupimia unafaa mkono wenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32. Ukiufunga kwenye mkono wa sentimita 38, mashine husoma juu kuliko ukweli. Wifi yake dada huyu, kilo 84, alisomwa 144/92. Tulipompumzisha dakika tano na kutumia mkanda mkubwa ikawa 128/80.

Sasa hatukubaliani. Mmoja wetu anataka mume aambiwe kwamba mke yuko kwenye matibabu yatakayompunguza uzito, basi, bila kutaja vidonge. Mwingine anasema "matibabu yanayokondesha" mume ataisikia kama UKIMWI, na nyumba itavunjika. Yeye anataka tuwapime wote wawili kwa pamoja, kiuno, presha na sukari, na majibu kila mmoja apewe peke yake kwanza. Mke akiridhia, tumwombe yeye mwenyewe amweleze mume kwamba uso ule ulikuwa uvimbe, si afya. Wasiwasi wetu ni kwamba mume ataona tunamhukumu kwa anachokipenda.

Makalio ya kweli tunaweza kumsaidia kuyajenga baadaye, sukari ikitulia na daktari akiruhusu: kuchuchumaa na kusimama mara 10, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki, kwanza mikono mitupu, misuli ikirudi ashike ndoo ya lita 5 kisha 10, pamoja na maharage, mayai na karanga. Lakini hiyo ni kazi ya miezi, na uso utaanza kunywea kabla ya hapo.

Anarudi Alhamisi ijayo, na mume amesema atakuja naye. Tuanze na nani, na neno la kwanza liwe lipi?

Wauguzi wawili, Tanga