Asidi ya bromobenzoiki iingie maabara zetu

Mhariri,

Mwanafunzi wa kemia aliye Maseno, Njoro au Kakamega hapaswi kuujua mmenyuko wa Suzuki ubaoni pekee. Mmenyuko huo wa kuunganisha kaboni na kaboni ndio uliompa Akira Suzuki sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2010, na viwanda vya dawa huutegemea sana. Kisingizio huwa ni viyeyushi ghali. Asidi ya 4-bromobenzoiki inakiondoa, kwa kuwa mmenyuko wenyewe hufanyika ndani ya maji.

Asidi hii ni unga mweupe unaoyeyuka kwenye nyuzi 252 hadi 254. Maji baridi karibu hayaimumunyi, lakini ikikutana na alkali hugeuka chumvi na kumumunyika. Bromini yake iko upande wa pili wa duara la benzini, mkabala na kundi la asidi, tayari kushikwa na paladiamu, metali inayochochea mmenyuko huu. Asidi kama hii yenye klorini badala ya bromini ni rahisi kununua ila ni kaidi kwa kichocheo hiki. Yenye iodini huenda kasi lakini bei yake huumiza.

Pima miligramu 201 za asidi, 134 za asidi ya fenilboroniki (yenye boroni, ndiyo itakayounganishwa nayo) na 318 za sodiamu kaboneti kavu (ikiwa ni ya fuwele zenye maji, 858). Ongeza mililita 10 za maji, pitisha naitrojeni kidogo ukiwa nayo, kisha weka miligramu 3 hadi 5 za paladiamu ya asilimia 10 juu ya mkaa. Chemsha chini ya kondensa (bomba linalopoza mvuke urudi kuwa maji) huku ukikoroga.

Wengi hukosea kwenye kaboneti. Hukokotoa kana kwamba hakuna asidi ya kubatilishwa kwa alkali, na alkali yote huishia hapo. Boroni haiamshwi na hakuna kinachoungana. Kosa la pili ni kufuata muda wa vitabu vya ng'ambo. Kisumu maji huchemka karibu nyuzi 96, Nakuru karibu 94. Nusu saa ya kitabuni huenda isitoshe. Acheni saa nzima, na zaidi kwa Nakuru.

Chuja kungali moto, tena uoshe mkaa kwa maji ya moto. Chumvi ya zao la mmenyuko huu hupenda kuganda ikipoa, na hapo mwanafunzi huyatupa mavuno yake pamoja na mkaa akidhani mmenyuko umeshindwa. Baada ya kuchuja, tia asidi ya hidrokloriki tone kwa tone hadi pH 2, kwani povu la kaboni dioksidi hufurika haraka. Zao safishwe kwa spiriti ya moto. Likiwa safi huyeyuka karibu nyuzi 225, na likianza kuyeyuka chini ya hapo na kuburuta, bado limechanganyika.

Mkaa wenye paladiamu usikaushwe kamwe kwenye karatasi ya chujio. Unaweza kuwaka wenyewe, hasa penye mvuke wa spiriti. Uhifadhiwe ukiwa umelowa, katika chupa yenye lebo.

Tunawasihi wakuu wa maabara: mnapoandika orodha ya ununuzi ya muhula ujao, gramu 25 za asidi hii zinatosha majaribio zaidi ya 100 ya kipimo tulichotaja.

Walimu wa kemia,
Kisumu