Herufi D chini ya miguu ya tai

Atlanta, 3 Novemba

Kwako ndugu yangu Salum,

Baada ya salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto, barua yako nimeipata, na swali lako limenichekesha. Unauliza ni wazimu gani ulionipata hata nikatoa, kwa sarafu moja ya dhahabu iliyochakaa ya dola 5 za Marekani, fedha ambazo kwa sonara yeyote wa Kariakoo zingeninunulia dhahabu nzito kuliko hiyo.

Dhahabu si hoja, Salum. Sarafu hiyo ina gramu 8.36 tu, na sehemu moja katika kumi si dhahabu. Nilichokinunua ni herufi D iliyopigwa chini ya miguu ya tai. Muuzaji mmoja alinihakikishia kuwa hiyo ni alama ya kiwanda cha sarafu cha Denver, nami nikamuaga papo hapo, kwa maana sarafu ni ya mwaka 1847, na kiwanda cha Denver hakikuanza kupiga sarafu hadi 1906. D ya karne ya 19 ni Dahlonega, mji mdogo wa milimani huku huku jimboni Georgia, uliokuwa na kiwanda chake cha sarafu.

Nilikwenda huko mwezi uliopita. Kiwanda hakipo, kiliungua mwaka 1878, na juu ya msingi wake sasa pana jumba la chuo ambalo mnara wake umefunikwa kwa dhahabu. Kilifunguliwa mwaka 1838, mwaka ule ule ambao Wacherokee, wenyeji asilia wa Marekani waliokuwa wenyewe wa ardhi iliyotoa dhahabu hiyo, walikuwa wakiswagwa na askari kuelekea magharibi, jambo ambalo wauzaji hawalitaji kamwe wanapokusifia bidhaa zao. Kilifungwa mwaka 1861. Sarafu za dola 1 za mwaka huo zilipigwa baada ya waasi wa majimbo ya Kusini kukitwaa kiwanda katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hakuna aliyeandika idadi yake. Hizo mimi nitaziona kwenye picha tu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba adimu maana yake ni zilizopigwa chache. Kumbukumbu za kiwanda cha Philadelphia za mwaka 1822 zinaonyesha sarafu 17,796 za dola 5, na leo zinajulikana tatu tu, mbili zikiwa katika makumbusho ya Smithsonian huko Washington, na ya tatu iliuzwa mnadani mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 8. Dhahabu iliyokuwamo ilikuwa na thamani kubwa kuliko hizo dola 5 zenyewe, kwa hiyo watu waliziyeyusha, mpaka sheria ya mwaka 1834 ilipopunguza uzito wa dhahabu katika sarafu.

Na kama siku moja utaangukiwa na bahati ya kuishika moja, tafadhali usiisugue. Sarafu yangu ya kwanza iling'aa kama njumu za mlango wa Unguja, nikailipia kwa furaha, kisha mtaalamu akanionyesha kwa kioo cha kukuza mikwaruzo ya brashi iliyokuwa imekula karibu nusu ya bei yake.

Ndani ya bahasha nimekuwekea picha mbili. Ya upande wa tai itazame vizuri: manyoya ya shingoni hayakutoka sawasawa. Huko si kuchakaa. Dahlonega mara nyingi walipiga chapa hafifu, na ndicho kilichonifanya niichague hii badala ya nyingine iliyokuwa nzuri zaidi.

Wako,
Idi