Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Uganda: Msongo wa mawazo upimwe kwa maswali kwanza

Mheshimiwa Waziri,

Sisi ni wahudumu wa afya ya akili, na ombi letu ni moja. Wizara inapopanga huduma za msongo wa mawazo katika vituo vya afya vya daraja la tatu na la nne, fedha ziende kwenye kuwafundisha wauguzi kuuliza maswali kumi kuhusu msongo na kujumlisha alama zake sawasawa. Zisiende kwenye kupima kotisoli, homoni ambayo mwili huimwaga kwenye damu mtu anaposongwa.

Katika msongo, kinachouamsha mwili si tatizo peke yake, ni hesabu ambayo ubongo unaipiga: jambo hili lina ukubwa gani, nami nina uwezo gani wa kulikabili? Chukua wauza samaki wawili wa soko la Arua, mkopo wao sawa, marejesho Ijumaa. Mmoja ana kikundi cha akiba kitakachomsitiri wiki moja. Mwenzake hana pa kushika. Deni ni lilelile, lakini ndani ya huyu wa pili amigdala, sehemu ya ubongo inayohisi hofu, inashtuka, hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza homoni, inaiamuru tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo pituitari inaziamuru tezi za adrenali zilizo juu ya figo zimwage kotisoli kwenye damu. Adrenalini, homoni nyingine ya tezi hizo, huja kwa sekunde. Kotisoli huenda polepole, na kwenye mate hufika kilele kama dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko kuanza.

Kwa muda mfupi hayo humsaidia mtu. Shida huanza yasipozimika. Kotisoli ikitosha, hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, na hipothalamasi huitambua na kuagiza ipunguzwe. Lakini katika panya waliosongwa muda mrefu, matawi ya seli za hipokampasi yameonekana kufupika huku yale ya amigdala yakirefuka, yaani kinachozuia kinadhoofu na kinachoogopa kinanenepa. Noradrenalini na dopamini, kemikali za kupashana habari ubongoni, zikizidi, gamba la mbele la ubongo nalo hulegea, na hilo ndilo linalopanga mambo na kushikilia jambo akilini. Mgonjwa huambiwa tarehe ya kurudi mara tatu na bado haikumbuki, halafu faili lake linaandikwa kuwa hafuati maelekezo!

Basi kwa nini tusipime hiyo kotisoli? Kwa sababu damu ya saa tano asubuhi haisemi mengi. Kotisoli hupanda kwa kasi ndani ya dakika 30 hadi 45 baada ya mtu kuamka, hushuka mchana kutwa, na huwa chini kabisa karibu na usiku wa manane. Askari wa lindo la usiku ana mzunguko mwingine. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na ujauzito pia, huongeza protini inayoibeba kotisoli, hivyo kipimo cha damu huonyesha kiwango cha juu hata kwa mtu mtulivu. Dawa ya deksamethasoni huishusha, na dawa ya prednisoloni huweza kuivuruga mashine isome vibaya. Sindano yenyewe humshtua mtu. Tena msongo wa miaka mingi unaweza kuifanya kotisoli ibaki bapa, bila kupanda na kushuka kwake kwa kawaida, au hata chini ya kawaida. Si ajabu kwamba uhusiano kati ya msongo ambao mtu anausema na kotisoli iliyopimwa mara moja ni hafifu.

Maswali tunayoyatetea yalitungwa na Sheldon Cohen na wenzake mwaka 1983, yakiwa 14, kisha yakapunguzwa kuwa 10. Kila moja linauliza ni mara ngapi mtu amejisikia hivi au vile ndani ya mwezi mmoja, na jibu lina alama 0 hadi 4. Jumla ya juu ni 40. Hesabu inapoharibika ni kwenye maswali manne, la 4, la 5, la 7 na la 8, ambayo yanauliza mazuri, kwa mfano kama mtu amejiamini kuyamudu mambo yake. Hayo lazima yageuzwe: toa alama ya mgonjwa kwenye 4. Muuguzi asipogeuza, aliyezidiwa kabisa, mwenye 40, anaandikiwa 24, na mwenye 0 anaandikiwa 16. Asigeuze kichwani huku akiuliza. Aandike kama alivyosikia, ageuze mwishoni kwa kalamu ya rangi nyingine.

Asiyesoma asomewe. Weka vizibo vinne vya soda mezani: kamwe ni mkono mtupu, mara nyingi sana ni vyote vinne. Mume au mama mkwe asubiri nje, la sivyo majibu yote yatakuwa "kamwe". Tafsiri ya Kilugbara, Kiacholi au Kiganda irudishwe Kiingereza na mtu ambaye hajauona mwanzo wake, ndipo ichapishwe.

Kipimo hiki si cha kutambua ugonjwa; hakina alama rasmi inayosema huyu mgonjwa, huyu mzima. Faida yake ni kulinganisha mtu na yeye mwenyewe, leo na baada ya wiki nne. Wala hakiulizi kuhusu kujiua. Swali hilo liulizwe kando, wazi, na anayejibu ndiyo asiachwe peke yake. Apewe rufaa siku hiyohiyo.

Baada ya alama, tunaomba diazepamu, dawa ya kutuliza, isiwe jibu la kwanza. Hutuliza usiku mmoja, lakini katika wiki chache mwili huizoea. Uganda ina njia zilizojaribiwa hapahapa. Masaka na Rakai, mwaka 2002, watu wa kawaida waliofunzwa wiki mbili waliongoza vikundi vya tiba ya mahusiano (mazungumzo kuhusu uhusiano wa mtu na wenzake) kwa wiki 16, dakika 90 kila wiki, na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ikapungua sana. Katika kambi ya wakimbizi ya Rhino, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walisikiliza mafunzo yaliyorekodiwa, vikao vitano vya kama saa mbili, na dhiki yao ilikuwa imeshuka miezi mitatu baadaye.

Tunaomba wizara ianze na wilaya mbili, moja ya mjini na moja yenye wakimbizi, na fomu ya maswali kumi iingizwe kwenye rejista ya wagonjwa wa nje, ikiwa na safu ya alama zilizogeuzwa.

Wako katika huduma,
Wahudumu wa afya ya akili, Kampala na Arua