Msituondolee maneno magumu, tupeni sentensi zilizoshiba

Bwana Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliyetaka gazeti liandikwe kama tunavyoongea sokoni Kadutu ana sababu zake, lakini mimi sikubaliani naye. Ninafundisha akina mama kusoma na kuandika hapa Bukavu. Vitabu ni haba, kwa hiyo gazeti lenu ndilo tunalosomea jioni, na maneno mageni bado hayajamfukuza mwanafunzi hata mmoja. Kinachowashinda ni maneno hayo kurundikwa mahali pamoja.

Chukueni ile habari ya kipindupindu. Huku tunasema kolera, na neno lenu wengi walikuwa hawajalisikia. Mama aliyekuwa akisoma kwa sauti alisita hapo, akanitazama. Nikamwomba aendelee tu. Mbele akakuta watu wanaharisha maji matupu na kutapika, wengine wamekunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha, wauguzi wanawapa maji yenye chumvi na sukari. Hajamaliza aya, wenzake wakaitikia pamoja: kolera! Sikuwa nimefafanua chochote. Neno walilojichimbulia hivyo linakaa, kuliko yale ninayowaandikia ubaoni na maana yake pembeni.

Hata neno wanalolijua hupimwa namna hiyo. Muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alipokuta kwamba vituo vya afya "vinasambaza dawa", alijua mara moja kwamba samaki wake hawahusiki, maana dawa ilikuwa papo hapo na watu waliopanga foleni kuipokea walitajwa sentensi iliyofuata.

Sasa tazameni sentensi hii kutoka ukurasa uleule: "Mamlaka husika zimebainisha kuwa hali hiyo imechochewa na uduni wa miundombinu." Mwanafunzi ashike wapi? Kila neno analotaka kuliegemea nalo ni geni. Watafiti Hu na Nation, katika utafiti wao wa mwaka 2000 juu ya wanaojifunza Kiingereza, waliona kwamba ili kuelewa hadithi vizuri bila msaada, msomaji anahitaji kujua karibu maneno 98 katika kila 100. Kiswahili kina mambo yake, sitaki kuihamisha hesabu hiyo kama ilivyo, lakini darasani kwangu naona jambo lilelile kila jioni: neno moja geni likizungukwa na yanayofahamika hufunguka, matano yakifuatana mtu hukunja gazeti.

Lipo jambo linalonitia hofu zaidi. Mliandika kuwa dawa fulani "kwa nadra husababisha uvimbe wa uso". Wanafunzi wangu walitafuta maana kama nilivyowafundisha, na nusu ya darasa wakaafikiana kwamba nadra ni mara nyingi. Hawakukosea njia. Sentensi ile inakubali mara nyingi sawasawa na inavyokubali mara chache, haina kitu cha kuwarudisha nyuma. Mama mmoja ana mtoto anayetumia dawa hiyo, na alikuwa ameshaamua kuiacha. Nilimsihi aulize kwanza kituo cha afya.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, naomba waandishi wenu watofautishe. Kwenye habari za mpira, za masoko, za sherehe, leteni maneno mapya kwa wingi, ila kila moja lipewe majirani tunaowajua: nani alifanya nini, kwa mkono gani, kikatokea nini. Kwenye dawa, chanjo na sheria, msituachie kukisia. Andikeni "kwa nadra, yaani mara chache sana", mambo yaishe. Ni maneno manne tu, nafasi yake haikosekani.

Na ile habari ya dawa, tunaomba mwirudie wiki ijayo ikiwa imeandikwa hivyo. Tutaisoma darasani.

Mama mwalimu,
Kadutu, Bukavu