YAH: MALALAMIKO YA KUCHUKUA NA KUSAMBAZA JINA NA NAMBA YANGU YA SIMU BILA RIDHAA YANGU

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Mikopo ya Mtandaoni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Mimi si mteja wenu. Sijawahi kupakua programu yenu, sijakopa kwenu hata shilingi, wala sijaweka saini popote kumdhamini mtu. Hata hivyo, wiki iliyopita ofisi yenu iliwatumia majirani na wanakikundi wenzangu hapa Tabata ujumbe unaonitaja kwa jina na namba ya simu kuwa mimi ni mdhamini wa tapeli.

Aliyekopa ni wifi yangu. Alichukua shilingi 80,000, akachelewa kurejesha. Deni ni lake na halikatai. Lakini siku ya marejesho ilipopita, vijana wenu wa kukusanya madeni walinipigia mimi, tena alfajiri. Nilimweleza aliyepiga, kwa adabu, kwamba sikumdhamini mtu. Akanijibu: “Mama, namba yako tunayo na watu wenu wote tunao. Asipolipa leo mtatujua.” Kabla ya adhuhuri ujumbe ukaanza kuingia kwenye simu za watu. Nauweka hapa kama ulivyo, nimetoa majina na namba tu (RB ni taarifa inayofunguliwa polisi):

“Habari. Unajulishwa kuwa … ni TAPELI, amekopa na kukimbia. Mdhamini wake ni … simu … Mwambieni alipe kabla ya saa 10 jioni la sivyo picha zao zitasambazwa na RB itafunguliwa.”

Mimi ni mweka hazina wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Sanduku la kikundi linalala kwangu, na funguo za kufuli zake tatu ziko kwa wanachama watatu tofauti. Wanawake wanaouza mboga, mama lishe na wasusi huleta hisa zao kila Jumapili kwa sababu wananiamini, basi. Jumapili iliyofuata baada ya ujumbe wenu, kikao hakikuanza na hisa. Kilianza kwa kuniuliza kama fedha za watu zipo. Sanduku likafunguliwa, noti zikahesabiwa mezani mbele ya wote, daftari likasomwa ukurasa kwa ukurasa. Haikupungua hata mia. Pamoja na hayo, mama mmoja mtu mzima ameomba arudishiwe hisa zake, na wengine wanataka sanduku liondolewe nyumbani kwangu. Siwalaumu. Wamesoma kwenye simu zao kwamba mweka hazina wao ni mdhamini wa tapeli, na aliyewaandikia ni kampuni yenye leseni.

Nilipopiga huduma kwa wateja, dada aliyepokea alinijibu kwamba wifi yangu aliruhusu programu isome majina yote yaliyo kwenye simu yake wakati anajisajili, kwa hiyo “kila kitu kiko kisheria”. Jibu hilo silikubali. Wifi yangu anaweza kutoa ridhaa kwa mambo yake. Hawezi kuniridhia mimi, wala mwalimu wa mwanawe, wala mchungaji, wala nesi wa kliniki aliyempa namba ili amuulize habari za dawa. Kila mteja anayebonyeza neno “ruhusu” anawaachia orodha ya watu ambao hawajawahi hata kusikia kwamba kampuni yenu ipo, na ninyi mnaitunza mpaka siku ya kuitumia kumuaibisha.

Ndugu Meneja, nchi hii ina sheria. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa faragha yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa azichukue kwa mhusika mwenyewe, isipokuwa pale sheria inaporuhusu vinginevyo, amweleze ni za nini, na asizitumie kwa jambo jingine. Mimi hamkuniuliza wala kunieleza chochote. Kufichua taarifa za mtu kinyume cha sheria hiyo ni kosa la jinai, na kwa kampuni faini yake inaweza kufika shilingi bilioni 5.

Kijana wenu alitutishia RB na kitengo cha makosa ya mtandao. Amesoma sheria upande mmoja. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha au kumnyanyasa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kuchelewesha marejesho ya mkopo hakumo katika kifungu hicho. Ujumbe mliotuma unaingia humo moja kwa moja.

Najua pia kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Yenu haimo, na leseni yenu mmeibandika ukutani mapokezi, nimeiona. Basi kusanyeni madeni kama watu wenye leseni: mpigieni mdaiwa, mwandikieni mdaiwa, akishindikana mpelekeni mahakamani.

Ninachotaka ni hiki. Nielezeni kwa maandishi jina na namba yangu mmevipata wapi, mnavitunza wapi, na mmewapa nani mwingine, pamoja na wakala wa nje kama mnaye. Vifuteni, kisha mnithibitishie kwamba vimefutwa. Na kila aliyepokea ujumbe ule atumiwe mwingine, kutoka namba ile ile, unaosema wazi kwamba mimi si mdhamini wa mtu yeyote kwenu na kwamba hamkuwa na haki ya kunitaja. Hili la mwisho ndilo kubwa kwangu kuliko yote. Msamaha wa kunong’onezwa kwenye simu hautanisaidia kitu, kwa sababu kuchafuliwa kwangu hakukunong’onezwa. Fidia nitaidai kwa utaratibu uliowekwa na sheria.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila majibu nitafungua malalamiko rasmi Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na wanakikundi wawili wamekubali kuandika maelezo yao kama mashahidi. Nimeambatisha picha za ujumbe kutoka simu zao, zenye tarehe, saa na namba iliyotuma, pamoja na jina langu kamili na anwani.

Wenu,

(Saini)
Mlalamikaji, Mweka Hazina wa Kikoba
Tabata, Dar es Salaam

Nakala: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Benki Kuu ya Tanzania